Mwalimu Aliyewapigia Nyanya Simu

Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko uso wake, na mwenyewe alijua. Uso ulikuwa wa kukemea: paji pana, midomo iliyobanwa, macho ya kukuuliza kazi ya nyumbani hata mkikutana sokoni. Lakini akifungua kinywa, mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza ili asikie vizuri anagombezwa nini. Alinifundisha shule ya msingi mjini Kisii, na miaka mingi baadaye tukawa wafanyakazi wenza katika bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya mji, yeye mkuu wa huduma za watoto, mimi msimamizi wa mitambo. Kila mtu alimwita Mwalimu. Hata bosi wetu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa lake, alimwita Mwalimu, na akimwita hivyo alikuwa ananyoosha shati.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Watu wa Manga, kwao, wanayajua hayo. Mimi ni mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa, na Kikisii changu ni cha kununulia ndizi soko la Daraja Mbili. Nitaeleza niliyoyaona tu, na mengine ningependa nisingekuwa nimeyaona.

Darasani hakushika kiboko. Adhabu yake ilikuwa kukutuma ofisi ya walimu ukawasalimie wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja umweleze ulichofanya. Mimi nilitumwa kwa kula mandazi ya jirani yangu katikati ya hesabu. Nilipofika kwa mwalimu wa mwisho nilikuwa nimeshatubia hata dhambi za ndugu zangu. Niliporudi hakunigombeza, aliniuliza tu kama mandazi yalikuwa na iliki, kisha akaendelea na somo.

Alistaafu lakini chaki haikustaafu. Ilikaa mkobani mwake, imefungwa kwenye kitambaa. Bosi aliposimamisha bango kubwa langoni lililosema "Watoto zetu, furaha zetu", Mwalimu alisimama mbele yake siku ya ufunguzi, wageni wakipita, akafuta na kusahihisha kwa chaki. Mvua ilipofuta chaki akaandika tena. Mwishowe Bosi alilipia bango jingine, akalalamika kwangu kwamba ameajiri mkaguzi wa shule.

Chakula cha bustanini hakukigusa. Alikuja na chupa yake ya uji wa wimbi, akanywa amekaa kwenye ngazi ya treni ndogo, amevua kiatu kimoja kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimsumbua. Kuhusu viazi vyetu vya kukaanga alisema mafuta yale yamefikia umri wa kuanza shule. Aliyasema hayo huku akiwaelekeza wazazi kwa upole mkubwa kwenye foleni ya viazi.

Hapa ndipo nianzie kueleza kazi yake, maana ndipo penye uzito.

Bustani yetu haipokei noti. Mzazi analipa kwa simu langoni, mtoto anafungwa bangili ya plastiki yenye chipu ndogo ndani, na kila mchezo una mashine: mtoto anagusisha bangili, mashine inalia, anapanda. Bangili ikiwa na salio inawaka kijani. Salio likiisha inazimika. Mitambo hiyo ilitoka mbali na ilikuja na maelezo yake, nami nilitumwa Nairobi kufundishwa. Nilifundishwa kwamba mtu asiyeona noti ikitoka mfukoni hahisi kwamba imetoka. Nilifundishwa salio lisirudishwe jioni, na njia ya kutokea ipite katikati ya duka la vikaragosi. Nilirudi nikiwa na kiburi cha mtu aliyeona ya dunia.

Mwalimu alinisikiliza, kisha akaifanya mitambo ile iwe ya hapa. Wahudumu walikuwa wakimwambia mtoto, "Pesa yako imeisha." Akawakataza. "Ukimwambia mtoto pesa imeisha, anaelewa, anaenda nyumbani. Mwambieni bangili imelala. Hakuna mtoto anayependa kitu chake kilale." Kuanzia siku hiyo bustani nzima ikajaa watoto wanaowakimbilia wazazi wao wakiwa wameinua mikono, wakilia kwamba bangili imelala, iamshwe. Yeye ndiye pia aliyehamisha mabomba ya kunawia mikono yakawa mbele ya duka la vikaragosi, kwa sababu, alisema, mtoto mwenye mikono mibichi hana la kufanya ila kutazama.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anajituma hivyo kwa mradi ambao si wake. Hakukasirika. "Nimefundisha maisha yangu yote, binti," alisema, "na sijawahi kuona mtoto akikimbia kuja shuleni. Hapa wanakimbia. Wanakuja kwangu wakikimbia." Nilimwona akiyapepesa macho, nikajitia ninarekebisha waya.

Na bado wajukuu wake mwenyewe hawakuwahi kufungwa bangili. Aliwaleta Jumatatu, siku tunayofunga, mitambo ikiwa imezimwa, akawasukuma kwenye pembea kwa mikono yake. Nilipomtania kwamba anawanyima raha, alisema, "Wale ni wangu," akaendelea kusukuma. Nilicheka. Leo nikilikumbuka jibu lile sicheki.

Alikuwa pia mwizi, nikisema kwa mapenzi. Shule moja ya upande wa Nyamarambe ilileta watoto safari ya mwisho wa mwaka, na nusu yao hawakuwa wamelipiwa. Mwalimu alimwambia askari wa lango kwamba mashine ya kusoma bangili imepata homa, akawapitisha wote kupitia mlango wa tangi la maji. Kisha wiki iliyofuata alimkaripia mwalimu mwingine, mwanafunzi wake wa zamani, aliyejaribu kuingiza watoto wawili bila kulipa. Nilimwuliza tofauti ni nini. "Yule hakuniomba," alisema.

Sasa lile la nyanya. Bosi wetu ni mtu wa kaunti za ziwani, mfanyabiashara mwenye heshima zake, na Kikisii hakijui kabisa. Alituita kikaoni akilalamika kwamba bangili zikilala wazazi wanakataa kuziamsha. Mwalimu alimwangalia kwa huruma.

"Unabisha hodi kwa mtu ambaye siye, Bosi. Kazi ya mzazi ni kukataa. Waulize nyanya."

Akatueleza. Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, ile haya na adabu iliyo kati ya mzazi na mwanawe, inayofanya baba asibembelezane na mtoto wala mtoto asimdekee baba. Lakini kati ya nyanya na mjukuu hakuna ukuta huo. Wanataniana, wanaitana mume na mke, wanakula sahani moja. Nyanya akiombwa na mjukuu hana mahali pa kushikia neno hapana. "Na nyanya wa huku," alimalizia, "ndio wenye majani chai. Msimu wa bonasi ya chai wana kitu kwenye simu."

Bosi alisema wazo ni zuri lakini vikongwe hawasomi ujumbe. Mwalimu akasema hawahitaji kusoma.

Tulirekodi ofisini kwangu. Nilileta leso kutoka dukani kwetu tukazitundika ukutani ili sauti isirudi. Alirudia mara nyingi, kila mara akijisahihisha, mpaka akafika pale alipotabasamu akiwa anasema, na tabasamu likasikika. Kwa Kikisii alisema hivi: Magokoro, ni mimi Mwalimu. Mjukuu wako yuko nasi hapa, ni mzima, anacheza. Bangili yake imelala. Ukibonyeza moja itaamka. Neno magokoro ni nyanya, na jinsi alivyolitamka hata mimi nilitamani ningekuwa na shamba la chai. Langoni tuliongeza swali dogo la kirafiki: namba ya nyanya wa mtoto ni ipi? Watu waliitoa bila kufikiri. Bangili ikilala, mtambo ulipiga simu wenyewe, nyanya akabonyeza, akaweka namba ya siri, bangili ikawaka kijani. Ilifanya kazi kupita matarajio. Bosi alinunua keki, nami nikaila kwa furaha kamili, sitasema uongo.

Halafu siku moja ya katikati ya wiki akaja mama mmoja kutoka Manga, nyuma ya boda boda, amevaa mabuti ya kuchumia chai, mkononi ana kuku aliyefungwa miguu. Alimwulizia Mwalimu langoni. Nilimpeleka mwenyewe. Waliongea Kikisii, na nilichokosa Mwalimu alinieleza baadaye, neno kwa neno, kana kwamba alitaka shahidi.

"Umeniita sana, Mwalimu," alisema yule nyanya, "nikaona kujibu kwa simu tu ni kukosa heshima. Mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama."

"Basi ni mimi nimekukosea. Nakusalimia, husalimii. Nakuuliza mguu unaendeleaje, wewe unaendelea na maneno yako tu. Nikasema labda umenikasirikia. Nimekuletea huyu."

Huku kwetu mwalimu akikuita shuleni unakwenda, na huendi mikono mitupu. Yule mama alikuwa amefundishiwa watoto wake wote na Mwalimu. Aliipokea simu kama alivyozipokea zile barua za kuitwa shule, na kila mara alibonyeza ili amridhishe mwalimu wa wanawe. Mjukuu hakuwa hata anafikiriwa.

Mwalimu alimpokea kuku, kwa kuwa kumkataa kungekuwa tusi. Alimsindikiza yule mama hadi barabarani, wakasalimiana kirefu, akaeleza habari zote za mguu. Kisha akarudi ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Mtambo wako unahifadhi simu zile?"

"Unahifadhi, Mwalimu."

"Nifungulie nisikie."

Nilimpa vifaa vya masikioni. Sikuwa nimewahi kuzisikiliza. Alikaa kwenye kiti changu kuanzia chakula cha mchana mpaka watu wakaanza kuondoka, mkono mdomoni. Mara moja moja alinitafsiria bila kugeuka. Huyu anasema mvua imechelewa. Huyu ananiombea. Huyu ananiambia mwanawe niliyemfundisha amepata kazi, anangoja nifurahi. Huyu anasema hana kitu mwezi huu ila atatafuta kwa jirani, nisimhesabie vibaya mtoto. Katikati ya maneno yao yote sauti yake ilikuwa ikiendelea, tamu, inatabasamu, haimsikii mtu.

Alikwenda kwa Bosi papo hapo. Nilikuwepo. Bosi hakuwa mkali. Alisema, "Mwalimu, sauti ile ni mali ya bustani, tulikubaliana. Na hakuna aliyelazimishwa."

"Mimi nimewalazimisha," alisema. "Hawawezi kunikatalia mimi."

"Hiyo ndiyo maana tulikuajiri," alisema Bosi, na nadhani alidhani anamsifu.

Mwalimu aliacha kazi wiki hiyo. Alikunja sare akaiweka mezani kwangu, akaniambia neno moja: "Ifute." Nikamwambia nitajaribu. Sikujaribu. Niliendelea kuja kazini, maana kazi kama yangu mjini Kisii mtu haichezei, na nyumbani wananitegemea. Kila Jumamosi taa zilizimika mikononi mwa watoto na mtambo ukaanza kupiga simu Manga, na mimi niliyekuwa na ufunguo wake nilikaa pale nikinywa chai. Naona haya kuandika hivi. Ningeona haya zaidi nisingeandika.

Nilidhani watu watamchukia, na nadhani yeye pia alilitarajia hilo, hata alilitamani. Haikuwa hivyo. Nilikutana naye Daraja Mbili akichagua ndizi, na wanawake wakaacha vibanda vyao kuja kumshika mkono. Walimshukuru kwa kuwaangalilia watoto. Mmoja alimwambia simu zake zinamfurahisha, maana wanawe walioko Nairobi hawampigii. Mwalimu aliitikia kila salamu. Tulipoachwa peke yetu akasema, "Wangenitukana ningelala usingizi."

Baadaye koo lilianza kumsumbua. Alipelekwa hospitali, akapimwa, akapewa dawa na kuambiwa apumzishe sauti. Haikupumzika, iliondoka. Ilibaki ya kukwaruza, unayoisikia ukikaa karibu. Mtu aliyenyamazisha madarasa sasa alimwita mjukuu kwa kugonga kikombe na kijiko.

Na kwa sauti hiyo hiyo alinijia Jumatatu moja, bustani imefungwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kama huwezi kufuta, badilisha. Bosi wako hasikii Kikisii." Hilo sikuwa nimelifikiria. Kuzima simu Bosi angejua siku hiyo hiyo. Kubadilisha maneno hakuna ambaye angejua.

Tulirekodi bila leso ukutani. Alikohoa katikati, akakataa turudie. Kwa Kikisii alisema: Magokoro, ni mimi Mwalimu. Mjukuu wako hana shida yoyote, na mimi sina haja ya kitu. Usibonyeze chochote. Usitume chochote. Kata simu ukapumzike. Alinirudishia vifaa. "Nataka waniache," alisema. "Nataka nikifa wawe wameshaniacha."

Niliuingiza ujumbe ule mtamboni jioni hiyo, na kwa siku chache nilitembea nimeinua kichwa. Nilijiona nimelipa.

Jumamosi iliyofuata Bosi alikuja ofisini kwangu ametabasamu mpaka masikioni. "Sijui umefanya nini na huo mtambo wako wa nyanya," alisema, "lakini usibadilishe tena." Nilitazama skrini. Kilichoingia kutoka kwa nyanya kilikuwa kimepanda, na Jumamosi iliyofuata kikapanda zaidi. Sikuelewa. Simu zilikuwepo, zimehifadhiwa, ningeweza kumtafuta mtu anitafsirie. Sikumtafuta. Niliogopa kusikia.

Nilikwenda kumwona Manga mchana wa Jumatatu. Nyumba yake iko mgongoni kabisa mwa mlima wa Manga, unashuka boda boda na kumalizia kwa mguu kati ya migomba. Alikuwa amekaa nje juani, leso imezungushwa shingoni, amekonda. Mke wa mwanawe alituletea chai. Mwalimu alinisogelea sikioni.

"Pesa za nyanya zimepungua?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema kweli. Nilimtazama usoni, na ule ukali wote haukuwepo, palikuwa na mgonjwa anayeuliza.

"Zimepungua, Mwalimu," nikasema.

Alifumba macho, akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe."

Hatujamaliza chai akaja jirani yake, nyanya wa nyumba ya pili, amebeba mkungu mdogo wa ndizi. Alimsalimia Mwalimu kwa Kikisii, kisha aliponiona mgeni akageuza Kiswahili kwa heshima yangu.

"Mwalimu, pole sana. Hata mimi nilisikia simu yako, ile ya sauti imeharibika. Sisi wote hii upande tulisikia, mpaka wengine walilia."

Mwalimu alimnyooshea mkono. "Nilisema msitume," alinong'ona.

"Si tulijua hiyo ni heshima yako tu." Yule mama alicheka kwa upole. "Mgonjwa wa maana hawezi kuomba. Anasema tu msijisumbue, niko sawa. Sasa sisi tukae tu, na wewe ndiye ulifundisha hawa watoto wote? Tuliambiana hapa kwa mlima, tukabonyeza wote. Ile pesa ya dawa. Ulipata?"

Mwalimu alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anayengoja mtu amalize kusoma alichoandika, na mimi nikaangalia kikombe changu. Ilikuwa zamu yangu kusema. Ningesema sentensi moja tu na yule mama angejua pesa yake ilikwenda wapi.

Nikakiinua, nikanywa chai mpaka ikaisha. Yule mama akaanza kutuangalia kwa zamu, wasiwasi ukamwingia, mkungu bado uko mikononi mwake.

"Nilipata," alisema Mwalimu, kwa ile sauti kidogo iliyobaki. "Nilipata yote, mama. Imenisaidia sana."

Uso wa yule mama ukafunguka. Aliweka ndizi chini, akamrekebishia Mwalimu leso shingoni.

"Basi usijali," alisema. "Jumamosi tutaongeza."